Akishaweza Kumbeba

3 Februari

Kwa wifi yangu mpenzi,

Kwanza nisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu. Najua umeshasema nimekufa au nimeolewa. Sijafa, na wa kunioa hayupo. Nani anataka mke anayetembea kama kaa? Nimechelewa kwa sababu kuandika kunataka kukaa, na kukaa ndiko nisikoweza. Leo nimepata akili. Nimeinua meza ya kupigia pasi mpaka usawa wa kifua, naandika nimesimama kama karani wa benki. Ukiona mstari umeporomoka, ujue mguu umenivuta.

Ningepiga simu, ila simu yako naijua, haishiki mpaka mtu apande juu ya tangi la maji. Na nikisikia sauti ya mwanangu tu sitaweza kusema ninalotaka kusema.

Huku ni wazima. Jirani wa chini anakusalimu, amejifungua wa kike. Mimi ni mzima kuanzia kichwani hadi kiunoni. Chini ya hapo usiulize.

Ulipokuja kumchukua Kibonge ulinikuta nimelala sakafuni, hata maelezo hukupata. Nilikuwa kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, na Kibonge mgongoni kwenye mbeleko kama siku zote, kwa kuwa tangu kaka yako atutangulie sina pa kumwacha. Nikainama kuvuta mablanketi yaliyolowa kwenye mashine, nikageuka nayo mikononi. Nikasikia kitu kimelia kiunoni kama kijiti kikavu. Daktari alinionyesha picha. Kati ya pingili na pingili kuna kijisahani laini. Changu kimoja kimechomoza na kuubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Wenyewe wanaita sayatika. Mimi naita nyoka wa umeme: ananiuma takoni, anapita nyuma ya paja, anatokea kisiginoni. Nikikohoa, anaamka. Nikicheka, anaamka. Kwa hiyo wifi, barua yako ya utani niandikie polepole.

Sasa lililonisimamisha hapa. Mbele ya baba mkubwa tulikubaliana, na wewe mwenyewe ndiwe uliyelitamka: mtoto akae kwako, na mama yake akishaweza kumbeba, atamchukua. Sikuweka neno, nilikuwa nauma mto. Lakini nimelishika. Dada wa mazoezi hospitalini anasema niache kujilalia kama gunia, na kwamba mgongo hufundishwa kubeba kama mtoto anavyofundishwa kutembea. Ila lazima ajue mzigo wenyewe ni wa kilo ngapi. Alipoondoka hapa Kibonge alikuwa kilo kumi na tatu. Sasa je? Niandikie kilo zake tu. Mengine yote yaweza kungoja.

Foronya yake ile ya michirizi nimeituma na kifurushi hiki. Haimpi usingizi foronya nyingine. Usiifue mara kwa mara, anataka harufu.

Mbusu shingoni, kule anakocheka.

Mama Kibonge


26 Februari

Kwa Kaa wa Nchi Kavu,

Barua yako nimeisoma mbele ya wateja wangu watatu, wote wamekupa pole na mmoja amekuombea mume. Nimemwambia asubiri, kwanza unyooke.

Mimi mzima. Kazi ni nyingi, sare za shule zimeniziba mpaka mlangoni, cherehani inalia tangu alfajiri. Baba mkubwa anasumbuliwa na macho lakini mdomo haujambo. Anasema ulimpa mtoto jina la utani baya. Kibonge gani huyu, ni jina la chura.

Mwanao hajambo. Analia kidogo jioni, basi. Analala kifuani pangu. Kwa kweli wifi, nilikuwa sijui kwamba mtoto akilala anakuwa mzito kuliko akiwa macho. Kila akigeuka namwona kaka yangu. Hata kukunja nyusi kule. Wakati mwingine natoa mguu kwenye cherehani nakaa namwangalia tu, mpaka mteja anagonga meza.

Habari ya kilo, mimi fundi, nina tepu, sina mzani. Nikupe mzunguko wa kifua? Usijitese na mahesabu. Wewe lala, pona. Mgongo hauna haraka, na mtoto hapa yuko kwao.

Nitumie kadi yake ya kliniki. Wanaitaka.

Wifi yako, Fundi


20 Machi

Wifi mchokozi,

Salamu nyingi, na mwambie huyo aliyeniombea mume kwamba anayekuja aje na nguvu za kubeba ndoo, sura nitaivumilia.

Nimecheka nimelipia. Lakini kuna nafuu. Nyoka hafiki kisiginoni tena kila siku, siku nyingine anaishia gotini, na dada wa mazoezi anasema maumivu yakipanda juu kuelekea kiunoni ni dalili njema, ni maji yanayorudi kwenye kisima chake. Nalala ubavu, mto katikati ya magoti. Kuinuka kitandani najiviringisha kwanza kama gogo, kisha nasukuma kwa mkono. Nimerudi kazini nusu siku. Msimamizi kanitoa kwenye mashine, kaniweka kukunja mashuka. Kazi hiyo huifanyi peke yako. Mnakuwa wawili, kila mtu kashika ncha zake, mnavuta, mnatikisa, mnasogeleana mpaka ncha zikutane katikati. Haitaki kuinama, inataka mwenzio asogee tu.

Wenzangu ni vichaa. Dada wa mazoezi kanipa kazi ya kuinua mzigo, naanza na jagi la maji, kisha ndoo nusu. Basi wale wakachukua mfuko wa mchele, wakauvalisha sweta, wakaufunga kilemba, wakauita mjukuu. Kila mchana wananiambia, "Haya, mjukuu analia!" Nachuchumaa, goti chini, mzigo karibu na tumbo, mgongo wima, nainuka. Jana mjukuu alifika kilo nane. Walinipigia vigelegele mpaka msimamizi akaja kuuliza nani kafaulu.

Wifi, kadi hii hapa. Lakini nikuulize. Umesema huna mzani, na umesema kliniki wanaitaka kadi. Kliniki ya watoto mtu hupimiwa mtoto wake kabla hata ya kusalimiwa. Kwa hiyo kilo zake unazijua. Niandikie.

Lingine dogo. Kandambili ya kushoto inanivuka njiani nami sijui, watu ndio wananiita, "Mama, kiatu!" Pale pa kidole gumba hapasikii. Daktari kaniambia nikianza kupata ganzi katikati ya mapaja, au nikashindwa kuzuia haja, nisingoje kesho. Hayo sina. Nimekuandikia ili ujue sifichi kitu.

Mama Kibonge


2 Mei

Wifi,

Salamu. Nimekawia, sare zilinizidi.

Nguo zake hizi nimezirudisha, zimekuwa ndogo. Nimemshonea mpya zote. Za zamani zinajaza sanduku bure, na akiziona anauliza maswali.

Hapa hatumwiti Kibonge tena. Tunamwita Kapteni, lile jina la utani la baba yake tulipokuwa wadogo. Analiitika vizuri. Baba mkubwa alipomsikia akiitika alitoa machozi.

Nitumie cheti chake cha kuzaliwa. Kuna shule ya watoto wadogo karibu na duka langu, mwalimu anaandikisha mapema.

Kuhusu kilo usinisumbue kila barua. Mtoto hapimwi kama sukari.

Fundi


19 Mei

Kwa wifi yangu,

Salamu kwako na kwa baba mkubwa. Jirani anakusalimu, mwanawe ameanza kutabasamu. Mimi nafika kilo kumi na moja sasa bila nyoka kuamka. Naanza na salamu kwa sababu nimefundishwa adabu. Salamu zimeishia hapa.

Nilifungua kifurushi nikasema nizinuse nguo kwanza. Umezifua zote, hata harufu hukuniachia. Nikazikunja. Mimi kazi yangu ni nguo za watu, nguo hainifichi kitu. Suruali ya buluu, kiuno kimebanwa kwa mshono wa mkono. Ya kijivu imebanwa, ikafumuliwa, ikabanwa tena ndani zaidi. Uzi ni wako, ule wa kuvuta mara mbili kila baada ya mshono. Nauona kwenye gauni langu la harusi ulilonishonea.

Wifi. Nguo ya mtoto aliyekua huongezwa urefu. Haibanwi kiuno.

Mtoto wangu aliitwa Kibonge kwa sababu alikuwa kibonge. Hilo jina hukulitoa kwa sababu ya chura.

Sasa nisikilize, na nakuomba usome sentensi hii kwa sauti ili uisikie. Cheti cha kuzaliwa sikitumi. Mtoto aliyeazimwa haandikishwi shule. Ninakupenda, ulinifuta damu nilipomzaa, sitalisahau. Na ninakuja kumchukua. Niambie kilo zake au usiniambie, nitamwona kwa macho.

Mama Kibonge, na hilo ndilo jina langu


4 Juni

Mama Kibonge,

Umeniona. Haya.

Alikataa kula. Ulipokuwa umelala sakafuni kule, huku alikuwa anakaa mlangoni pa duka langu, anaangalia kila mwanamke anayepita na mzigo. Ukimpa uji, anaufumba mdomo. Ukimpa mkate, anauweka chini ya mto. Nilimpeleka kliniki. Muuguzi alimpima, akanitazama, akauliza, "Wewe ni mamake?" Nikamvalisha shati. Akasema nimrudishe baada ya wiki.

Sikukuandikia kwa kuwa ningekuandikia, ungeinuka. Ungebandua mgongo wako kitandani uje, na tungekuzika. Nimeshamzika mmoja.

Siku alipokubali kula alikula mkononi mwangu, akasema neno. Sitakuandikia neno gani. Wewe ni mama, utalijua.

Sasa anakula. Kiuno nimekifumua. Usije. Wiki iliyopita baba mkubwa alikuwa anauliza yale makubaliano yalisema nini hasa, neno kwa neno. Nikamkumbusha. Ukija ukashindwa kumbeba mbele yake na mbele ya mtoto, neno litakuwa limekwisha, na si mimi nitakayelimaliza. Mtoto anakua, wifi. Kila mwezi anakua. Mgongo wako sijui.

Nakwambia kwa mapenzi. Usije.

Fundi


14 Septemba

Wifi,

Nimekaa kimya tena na safari hii siombi msamaha, utajua kwa nini. Salamu zako nilizipata kwa mkono wa dereva wa basi. Nakushukuru kuuliza kama niko hai.

Nilikuja. Hukujua, lakini nilikuja.

Nilibeba mjukuu wa kilo kumi na tano, nikazunguka naye chumba chote cha kufulia, wenzangu wakilia. Nikasema nimeweza. Dada wa mazoezi akaniambia, "Bado. Kubeba umeweza, kukaa je? Safari ya basi ni kukaa kutwa." Nikamwona mwoga. Nilifanya mazoezi ya kubeba, wifi, ya kukaa sikuyafanya. Hilo ndilo kosa langu lote. Nilifikiri mgongo ni mlango mmoja, ukishafunguka umefunguka.

Nilipata kiti cha dirishani. Nilikuwa nimebeba gari dogo la mbao na maandazi ya njiani. Barabara ina matuta. Mwanzoni nyoka aliamka, akauma, nikamtukana kimoyomoyo. Kisha akanyamaza. Nilifurahi aliponyamaza, ona ujinga. Nikasema dawa imeshika. Nikajigusa paja kama mtu anayegusa meza. Basi lilipopumzika pale njia panda, nusu ya safari, abiria wakashuka. Jirani yangu wa kiti, mzee muuza viatu, akasema, "Mama, shuka unyooshe miguu." Nikataka kusimama. Miguu haikuwa yangu. Nikaona kiti kimelowa, nikafikiri nimemwaga maji. Sikuwa na maji.

Nikakumbuka neno la daktari. Nikamwambia yule mzee kwa sauti ndogo, "Baba, mimi nimeharibika." Hakuuliza maana. Alivua koti akanifunga kiunoni ili watu wasione, akamwita kondakta, wakanitoa mmoja huku mmoja kule. Mimi niliyetoka nyumbani kwenda kubeba, nilibebwa. Walinipitisha katikati ya watu wanaokula mahindi, nami nashika gari la mbao kifuani.

Hospitali ya hapa njia panda walinifungua mgongo siku ileile. Daktari mpasuaji, mama mmoja mfupi mwenye mikono baridi, aliniambia ningengoja kesho yake nisingetembea tena. Natembea. Kwa gongo, mguu wa kushoto unaburuza kidogo, lakini natembea. Haja ndogo ilikuwa ikitoka kwa mpira wiki nyingi, sasa najisikia mwenyewe. Sikujua kwamba mtu anaweza kufurahi chooni mpaka kulia.

Sijarudi nyumbani. Wamenikataza basi. Mfagizi wa wodi ana chumba cha uani, kanipangisha, kitanda na dirisha moja. Chumba cha kufulia cha hospitali wamenipa kazi ya pasi, nimesimama. Barua hii naiandika nimelala ubavu, ndiyo maana maneno yamelala.

Na lingine lazima nikuandikie kabla sijaogopa. Daktari amesema nisiinue kitu kinachozidi kilo kumi. Nikamuuliza mpaka lini. Akaosha mikono, akasema tutaona.

Mtoto anajua kwamba nilikuwa nakuja? Ulimwambia? Usimwambie kwamba sikufika.

Mama Kibonge


9 Oktoba

Wifi,

Pole. Pole sana. Barua yako nimeikunja mara nyingi mpaka imeanza kukatika. Sikuisoma mbele ya wateja.

Mzee muuza viatu Mungu amlipe. Nimeshona suruali ya mtu mguu mmoja mfupi, nikaifumua.

Sasa nami nikwambie, na usinichukie, au nichukie. Umeniuliza tangu Februari. Kilo kumi na tano na nusu. Nilimpima Ijumaa. Nimemrudisha Kibonge, amerudi mzima, ana mashavu, ana makalio. Kilo kumi na tano na nusu. Na wewe umeniandikia kwa mkono wako, kumi. Nifanyeje? Niliweka hizo namba mbili pamoja mezani nikakaa nazo.

Baba mkubwa ameitisha wazee Desemba. Anasema neno ni neno, akishaweza kumbeba. Sijamsomea barua yako. Lakini akiniuliza nitasema nini? Mimi si mwongo.

Na kuna jambo. Siku moja mtoto aliniuliza baba yuko wapi. Nikamwambia amekwenda mbali, anapumzika. Akala kidogo. Akauliza, na mama? Mimi nilikuwa na pini mdomoni. Akaangalia mlangoni muda mrefu, kisha akasema, "Anapumzika." Akaendelea kula.

Tangu siku hiyo hakai mlangoni. Ile foronya aliikunja mwenyewe akaniletea niiweke juu ya kabati.

Sijamsahihisha. Kila asubuhi nasema leo nitamwambia. Halafu anakuja anajipanguza pua kwenye sketi yangu, na siku inapita.

Fundi


1 Novemba

Kwa wifi yangu,

Salamu kwako, kwa baba mkubwa, kwa wateja wako wote na kwa huyo aliyeniombea mume, mwambie sasa hivi nina gongo, nimeshapata wa kuegemea.

Barua hii nimeiandika nimekaa. Rudia mstari huo. Nimekaa, kwenye kiti cha mbao kisicho na mto, miguu yote sakafuni, khanga imekunjwa nyuma ya kiuno. Nikichoka nasimama, nikisimama nachoka, narudi. Lakini nimekaa. Kidole gumba bado hakisikii, daktari anasema huenda hakitasikia tena. Sawa. Vidole vingine vipo.

Barua yako niliisoma nikaiweka chini ya pasi kama vile itanyooka. Siku mbili sikula. Anapumzika! Wifi, mimi nilikuwa nakunja mashuka wakati mwanangu ananizika kwenye sahani ya chakula. Ningekuwa na mgongo wa zamani ningekuja kwa miguu, na sijui ningekufanya nini. Mungu alinifunga makusudi.

Kisha nikatulia, nikawaza kama mtu mzima. Sikiliza.

Uliweka namba mbili mezani ukakaa nazo. Mimi nami nimekaa nazo. Kumi na tano na nusu, kumi. Nilihangaika na namba hizo mwaka mzima kama punda anayefukuza jani. Nikifika nane yeye kumi na tatu, nikifika kumi na moja yeye anakimbia. Mtoto anakua, ulisema kweli. Akifika kumi na nane utanidai kumi na nane, akiota ndevu baba mkubwa atanidai nimbebe bwana harusi. Nani kati yenu alibebwa na mama yake mpaka lini? Kaka yako alipoanza kutembea, mama yenu alikwenda shamba akamwacha uani na wewe, tena ulikuwa mdogo, ulikuwa humwezi. Mbona hakuna aliyesema hana mama?

Mtoto wa miaka mitatu habebwi, wifi. Anapokelewa. Mimi nitakaa, kukaa ninaweza, na yeye ana miguu na mikono. Ninacho kiti kifupi alichoniazima mfagizi. Nitakaa juu yake, nitafungua mapaja na mikono, na atapanda mwenyewe kama alivyokuwa akipanda kitanda. Kilo zake zote zitakuwa juu yangu bila kuinua hata moja. Daktari nimemuuliza. Ameniambia, "Akikupandia umekaa, hiyo ruksa, mpaka atakapooa." Msomee baba mkubwa. Na hii msomee yote, pamoja na ile ya Septemba, hata pale pa kiti kilicholowa. Sioni haya. Akisema hilo si kubeba, mwulize yeye anabebwa na nani siku hizi kwenda chooni, na kama hao, asioweza tena kuwabeba, si watoto wake.

Nilikuandikia kuhusu mashuka. Mwenzio asiposogea, shuka halikunjwi. Mtavuta mpaka lichanike. Mimi nimeshasogea. Nimefika nusu ya njia, nililipia kwa mgongo, na hapa ndipo nilipo, siwezi kusogea zaidi mpaka waniruhusu basi. Nusu iliyobaki ni yako.

Najua ninachokuomba. Najua nyumba yako itakavyolia cherehani ikizimwa. Hukumwiba, ulimlisha mkononi alipokataa dunia, na neno lile alilokuita mwache aendelee kukuita, mdomo wa mtoto hauna kufuli. Lakini mimi sipumziki. Niko hai, napiga pasi, nadai.

Basi la asubuhi linafika hapa njia panda saa nane mchana. Nitakuwa nimekaa mbele ya duka la viatu la yule mzee, kila Jumamosi ya mwezi huu, kuanzia ijayo. Vitu ambavyo bado nahitaji uniletee ni hivi:

Foronya yake, ishushe juu ya kabati, umpe aishike mwenyewe njiani.

Kadi ya kliniki, ile niliyokutumia Machi.

Nguo mbili zinazomtosha sasa, alizokwisha kuzivaa, zisifuliwe.

Tepu yako, unifundishe kumpima, nami nikuandikie kila mwezi kifua na urefu wake. Na kilo. Sitakuficha kilo.

Neno moja kwake kabla hamjapanda basi, useme wewe, kwa mdomo usio na pini: mama yupo, amekaa, anakungoja.

Wewe mwenyewe, kwa siku chache, kitanda tutalala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule.

Na yeye, Kibonge, kilo kumi na tano na nusu, ashuke kwa miguu yake.